Usiache Ngano Kabla ya Kupima: Mwongozo wa Kutafuta Kinacholisumbua Tumbo

Tumbo likimsumbua mtu kwa miezi, ushauri wa kwanza anaopewa siku hizi ni "acha gluteni", yaani protini iliyomo kwenye ngano. Anaacha mkate, anaacha biskuti na tambi, na baada ya wiki mbili anajisikia nafuu. Tatizo linaanzia hapo. Nafuu hiyo inaweza kuwa imeletwa na mambo manne au matano tofauti, na lile zito kuliko yote, ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huichokoza kinga ya mwili ishambulie utumbo, huwa gumu kulithibitisha mtu akishaacha ngano. Ndiyo maana mwongozo huu unajali zaidi mpangilio wa hatua kuliko orodha ya vyakula. Ukiruka hatua ya nne kwa haraka ya kupata nafuu, kuna uwezekano mkubwa utarudishwa nyuma baadaye, tena kwa maumivu.

Hatua ya 1: Ijue gluteni yenyewe

Chukua donge la unga wa ngano uliokandwa, lioshe chini ya maji ya bomba huku ukilifinya taratibu. Maji yatatoka meupe, huo ni wanga unaoondoka. Yakianza kutoka safi, mkononi utabaki na kitu cha rangi ya kijivu kinachovutika kama mpira. Hiyo ndiyo gluteni: mkusanyiko wa protini, hasa gliadini na glutenini, unaoshika hewa ya hamira hadi mkate ukaumuka. Shayiri na nafaka iitwayo rai zina protini za ukoo huohuo. Mchele, mahindi, mtama, ulezi, muhogo, viazi na jamii ya kunde hazina.

Gliadini ina sifa moja ya ajabu. Imejaa prolini na glutamini, ambazo ni asidi za amino zinazojenga protini, na vimeng'enya vyetu vya kumeng'enya protini haviwezi kukata sehemu hizo vizuri. Kwa hiyo vipande virefu vya gliadini hufika kwenye utumbo mwembamba vikiwa havijavunjika. Hili humtokea kila binadamu anayekula mkate, na kwa walio wengi vipande hivyo hupita bila kudhuru chochote. Hapo ndipo dai kwamba gluteni ni sumu kwa kila mtu linapopoteza nguvu. La kujiuliza ni vipande hivyo vinapokewaje na utumbo wako wewe.

Hatua ya 2: Andika daftari kwa wiki mbili, bila kubadili mlo

Kula kama ulivyozoea. Andika ulichokula, saa uliyokula, dalili ilipoanza, na choo kilivyokuwa. Ongeza usingizi, msongo wa mawazo, dawa unazotumia, na kwa wanawake siku za hedhi, maana vyote hivi huligusa tumbo.

Kwa upande wa choo, kuna jedwali lililotengenezwa Bristol, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 1997, linalokigawa katika aina saba. Aina ya 1 na ya 2 ni vigololi vigumu au donge lililoshikamana, yaani choo kimekaa ndani muda mrefu. Ya 3 na ya 4 ndizo nzuri: kirefu, laini, kinatoka bila kukamuliwa. Ya 5 hadi ya 7 zinaelekea kuharisha. Andika namba tu, inatosha. Na usijitie hofu kuhusu idadi: kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki huhesabiwa kuwa kawaida, ilimradi ndiyo desturi ya mwili wako.

Unapolisoma daftari, jihadhari na mtego wa saa. Watu wengi hulaumu mlo wa mwisho. Lakini chakula hukaa tumboni saa mbili hadi nne au zaidi, kikachukua saa kadhaa kwenye utumbo mwembamba, kisha utumbo mpana ukakishikilia siku nzima au hata mbili. Ukibanwa na haja dakika chache baada ya kula, unachokitoa ni cha jana au juzi. Tumbo likijaa, hupeleka ishara kwa utumbo mpana usogeze ulichonacho. Gesi nayo mara nyingi huja saa chache baada ya mlo, mabaki yanapowafikia bakteria wa utumbo mpana na kuanza kuchachuka. Kwa hiyo tafuta mwenendo unaojirudia mara nyingi. Siku moja mbaya haithibitishi chochote.

Hatua ya 3: Angalia kama una dalili zisizosubiri

Damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, homa, shida ya kumeza, kutapika kusikokoma, kuharisha kunakokuamsha usiku, upungufu wa damu, au mabadiliko ya choo yanayoanza ghafla umri ukiwa umevuka miaka 45 au 50, hasa kama kuna saratani ya utumbo kwenye ukoo. Ukiwa na hata moja, funga daftari uende kwa daktari.

Hatua ya 4: Pima siliaki ukiwa bado unakula ngano

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoharibu.

Siliaki si mzio wala si tumbo kuwa laini. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, ikichokozwa na gluteni, hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Ukuta huo umejaa vinyweleo vidogo sana vinavyoongeza eneo la kufyonza lishe. Kwenye siliaki vinyweleo husinyaa, ukuta ukabaki bapa, na chakula kikapita bila kufyonzwa ipasavyo. Unaathiri takriban mtu mmoja katika kila mia duniani, na wengi wao hawajui.

Hawajui kwa sababu dalili zake hazikai tumboni peke yake. Kuharisha na gesi zipo, ndiyo, lakini mwingine hufunga choo. Mwingine dalili yake pekee ni upungufu wa madini ya chuma usioisha hata akimeza vidonge. Kuna wanaopata vipele vyenye malengelenge na muwasho mkali kwenye viwiko, magoti na makalio. Mifupa hudhoofika mapema, mimba huharibika mara kwa mara, mtoto hudumaa au huchelewa kubalehe. Ukiona mambo ya namna hii yasiyo na maelezo, kipimo kinafaa hata kama tumbo lako limetulia.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Hutafuta kingamwili za aina ya IgA dhidi ya kimeng'enya kiitwacho transglutaminesi. Kwenye fomu ya maabara utaona tTG-IgA. Omba kiasi cha IgA yote kipimwe pamoja nacho. Kuna watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na upungufu huo huonekana zaidi miongoni mwa wenye siliaki. Mtu wa namna hiyo atapewa majibu yanayosema yuko salama ilhali hayuko. Akigundulika, hupimwa kwa kingamwili za aina ya IgG badala yake.

Damu ikionyesha dalili ya ugonjwa, mtu mzima kwa kawaida hupelekwa kwenye endoskopia: mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa kinywani hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na vipande vidogo vya ukuta huchukuliwa kwenda kuangaliwa kwa hadubini. Vipande vinne au zaidi, kutoka sehemu tofauti, kwa sababu madhara hukaa kwa mabaka. Kwa watoto ambao kingamwili zao zimepanda mara kumi au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida, daktari bingwa anaweza kuthibitisha kwa sampuli ya pili ya damu bila endoskopia.

Sasa jambo la msingi: vipimo vyote hivi hutafuta alama za vita. Ukiondoa gluteni, vita hupoa, kingamwili hushuka, vinyweleo huanza kuota upya, na majibu hutoka safi. Kwa hiyo kula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki zisizopungua sita kabla ya kupima. Kama ulishaacha na ukijaribu kurudi unaumwa vibaya, usijitese kimyakimya, mwambie daktari. Kuna kipimo cha jeni za HLA-DQ2 na DQ8 ambacho hakihitaji ule ngano. Usipokuwa na jeni hizo, siliaki karibu iondolewe kabisa kwenye hesabu. Ukiwa nazo, hujaambiwa kitu kikubwa, kwani karibu theluthi ya watu wanazo na wengi wao hawaugui kamwe.

Uhusiano wa ngano na ugonjwa huu, kwa njia, haukugunduliwa maabara. Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa akijaribu mlo usio na ngano kwa wagonjwa wake tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya njaa ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika nchini humo, yalizidi kumshawishi kwamba yuko sahihi. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo. Kabla yake, watoto hao walilishwa ndizi kwa wingi, na ndizi zikasifiwa kwa kazi iliyofanywa na kukosekana kwa mkate.

Uliza pia kuhusu mzio wa ngano. Huu huja haraka, ndani ya dakika hadi saa mbili hivi: vipele, midomo kuvimba, kifua kubana, wakati mwingine presha kushuka ghafla. Hupimwa kivyake kwa ngozi au damu, na kifua kikibana ni dharura, si jambo la daftari.

Hatua ya 5: Ukithibitika una siliaki

Gluteni inaondoka maisha yote, na inaondoka yote. "Kidogo tu" haipo kwenye ugonjwa huu. Miligramu 50 kwa siku, ambayo ni chembechembe za mkate, zikiliwa kila siku zinatosha kumdhuru mgonjwa. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya chakula vinataka kitu kiitwacho "hakina gluteni" kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo.

Mkate, keki, tambi na bia ya shayiri ni rahisi kuzikumbuka. Wanaokuponza ni waliojificha: sosi ya soya, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa ngano, kimea cha shayiri kwenye vinywaji na nafaka za kifungua kinywa, supu za pakiti na mchuzi uliotiwa unga uwe mzito, soseji zilizochanganywa na makombo ya mkate, na baadhi ya vidonge vya dawa, ambavyo mfamasia anaweza kukuangalizia. Oti haina gluteni kwa asili, ila hulimwa na kusagwa pamoja na ngano, hivyo iliyo salama ni ile iliyothibitishwa kwenye pakiti, na hata hiyo kuna wachache inawadhuru. Mkate uliochachushwa kwa chachu ya asili si salama kwa mwenye siliaki, hata usifiwe vipi.

Jikoni, tenga kibaniko cha mkate, chekeche, na mwiko na ubao wa mbao, kwa sababu unga hujificha kwenye nyufa. Mafuta yaliyokaangiwa vitu vya unga wa ngano usiyatumie tena kukaangia chakula chako. Sufuria za chuma zikioshwa vizuri hazina neno.

Jihadhari na jambo moja: bidhaa za viwandani zisizo na gluteni mara nyingi zina sukari na mafuta zaidi, na nyuzinyuzi na chuma pungufu. Jenga mlo juu ya vyakula ambavyo havikuwahi kuwa na gluteni. Dalili kwa wengi hupungua ndani ya wiki chache, lakini ukuta wa utumbo huchukua miezi, kwa watu wazima hata miaka. Katika kipindi hicho maziwa yanaweza kukuvuruga, kwani kimeng'enya kinachovunja laktosi, sukari ya maziwa, hutengenezwa kwenye vinyweleo vilevile vilivyosinyaa. Kwa wengi hilo hupita. Rudi kupima damu baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Wazazi wako, ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako wapimwe pia, wao wana hatari kubwa kuliko watu wengine.

Hatua ya 6: Majibu yakiwa safi, tafuta mkosaji wa kweli

Majibu safi hayamaanishi unajisingizia. Wapo watu wasio na siliaki ambao ngano huwasumbua kweli. Ila ngano si gluteni peke yake. Ina pia fruktani, wanga mfupi ambao hakuna binadamu anayeweza kuuvunja. Fruktani hufika nzima kwenye utumbo mpana, bakteria huichachua, gesi hutoka, maji huvutwa, na mwenye utumbo mwepesi kuhisi hupata maumivu.

Mwaka 2018 watafiti wa Oslo, Norwe, walichapisha jaribio la watu 59 walioamini gluteni inawadhuru na ambao hawakuwa na siliaki. Kila mmoja alikula, kwa nyakati tofauti na bila kujua kipi ni kipi, vitafunio vyenye gluteni, vyenye fruktani, na visivyo na chochote kati ya hivyo. Fruktani ndiyo iliyoleta dalili nyingi zaidi. Gluteni haikutofautiana na kile kitafunio kitupu. Kwangu mimi hili linaeleza kitu ambacho wengi wanakishangaa: mtu ameacha mkate mwaka mzima, lakini tumbo bado linajaa kila akila kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu vimejaa fruktani.

Njia ya kujaribu ni ile iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Kwa wiki mbili hadi sita unapunguza vyakula vyenye wanga wa kuchachuka haraka: ngano, vitunguu, jamii ya kunde, maziwa yenye laktosi, baadhi ya matunda kama tufaha na embe, na vikolezo vya utamu kama sorbitoli. Ukipata nafuu, unarudisha kundi moja baada ya jingine. Kwa kila kundi, siku ya kwanza kula kidogo, ya pili kiasi cha wastani, ya tatu kiasi chako cha kawaida, kisha pumzika siku mbili tatu kabla ya kundi linalofuata. Zingatia kiasi kilicholeta dalili, kwa sababu wengi hushindwa na kingi huku kidogo kikiwapita salama. Anayepungua uzito au aliyewahi kuwa na matatizo ya kula asilijaribu hili bila mtaalamu wa lishe.

Watu hupenda hatua ya kuondoa na kuiogopa ya kurudisha. Matokeo yake wanakaa miaka na mlo mwembamba, wakiwanyima bakteria wazuri chakula chao, maana kundi hilohilo linaloleta gesi ndilo linalowalisha.

Mbinu mbili za jikoni zinasaidia sana. Fruktani huyeyuka kwenye maji na haiyeyuki kwenye mafuta; kaanga kitunguu saumu kwenye mafuta, kitoe, upikie mafuta yaliyobaki na harufu yake. Maharagwe na dengu, loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, pikia mengine. Sehemu ya wanga unaoleta gesi huenda na maji.

Hatua ya 7: Ulishe utumbo mpana, polepole

Bakteria wa utumbo mpana wakila nyuzinyuzi hutoa asidi za mafuta fupi, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo huo. Mtu mzima anahitaji angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kina gramu kama 15. Tunda moja lina tatu au nne. Ukiwa ulizoea kidogo, ongeza gramu tano hivi kila wiki, na maji yaongezeke sambamba. Anayeruka kutoka kumi hadi thelathini ndani ya siku moja atajaa gesi, atasema nyuzinyuzi hazimfai, na ataacha.

Wali au viazi vilivyopikwa vikapoa hupata wanga sugu zaidi, nao huwalisha bakteria hao. Ila wali upoze haraka na uuweke kwenye jokofu. Wali ukilala mezani, bakteria wa aina nyingine kabisa watakutapisha.

Vyakula vilivyochacha, kama mtindi wenye bakteria hai, vina ushahidi unaotia moyo: katika jaribio dogo la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 2021, watu wazima waliokula vyakula hivyo kwa wiki kumi walipata aina nyingi zaidi za bakteria, na viashiria kadhaa vya uvimbe mwilini vikapungua. Kutembea baada ya kula husukuma gesi. Kutafuna vizuri na kula bila haraka hupunguza hewa unayomeza. Haya sina haja ya kuyarefusha.

Hatua ya 8: Mahali pa kutotupa pesa

Vipimo vya damu vinavyotoa orodha ndefu ya "vyakula visivyokufaa" kwa kutumia IgG havigundui ugonjwa wowote. IgG dhidi ya chakula huonyesha tu kwamba umekila. Watu huondoka na karatasi inayowakataza mayai, maziwa na nyanya, na tumbo linabaki palepale.

Vidonge vya vimeng'enya vinavyodaiwa kuvunja gluteni havimlindi mwenye siliaki, na asivitumie kama ruhusa ya kula mkate. Dawa za "kusafisha utumbo" huleta kuharisha na kupoteza chumvi. Utumbo haukuwa umeziba uchafu wowote. Bakteria wa vidonge hutofautiana aina kwa aina, na iliyomsaidia jirani yako huenda isikufanyie lolote. Ukitaka kuwajaribu, chagua aina moja, itumie wiki nne huku ukiandika daftari, na daftari lisipoonyesha tofauti usinunue chupa ya pili.